Msomaji Asiye na Mtihani na Vitabu Vitatu

Uhakiki wa Kiswahili huwatambua wasomaji wa namna mbili: mwanafunzi, ambaye husoma kwa kuwa ataulizwa, na mtaalamu, ambaye husoma kwa kuwa atauliza. Wa tatu husahauliwa. Huyu ni karani au mwalimu mstaafu aazimaye kitabu maktabani kwa kuwa jina lake limemvutia, akakisoma kwa siku mbili tatu na kukirudisha pasipo kuandika lolote. Kitabu kikiwa kimetolewa katika rafu ya historia, ya tawasifu au ya riwaya za kisayansi, kwake ni mamoja. Swali lake kwa vyote ni hili: huyu anayesimulia amejuaje? Swali lenyewe laonekana la kitoto, lakini likielekezwa kwa vitabu vitatu vya Kiswahili ambavyo kwa kawaida havisomwi pamoja, linafichua mengi.

Cha kwanza ni Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, iliyochapishwa kwa sehemu na wamisionari wa Usambara mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kisha ikatolewa mjini Nairobi mwaka 1962 chini ya uhariri wa J. W. T. Allen. Humo husimuliwa Mbega, mwindaji wa nguruwe kutoka Nguu, ambaye alikuwa kigego na kwa hiyo akahesabiwa kuwa na kisirani kwao, akahama, akawagawia Washambaa nyama, nao wakamfanya mfalme. Mwandishi anaandika mazungumzo ya Mbega na wenyeji wake kana kwamba alikuwa ameketi nao, ilhali mambo hayo yalipita zamani kabla hajazaliwa. Mwanahistoria atasema kwamba maneno hayo hayana ushahidi, na haki ni yake. Msomaji asiye na mtihani hajikwai hapo. Amezoea baraza, na barazani wazee husimulia sababu za mambo kwa kuwapa marehemu sauti. Kinachoelezwa kwa mazungumzo yale ni kwa nini watu waliokuwa na wazee wao wajitie chini ya mgeni. Masimulizi yanapokaribia siku za mwandishi mwenyewe, yaani magomvi yaliyofuata kifo cha Kimweri ye Nyumbai na uasi wa Wabondei uitwao Kiva, sauti hubadilika ikawa kavu na ya tahadhari zaidi. Mabadiliko hayo yenyewe ni jibu la swali la msomaji, ingawa mwandishi hakukusudia kulijibu.

Kitabu cha pili ni kigumu zaidi, nacho chastahili kukaliwa kwa muda. Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa ombi la Mjerumani Heinrich Brode, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. W. H. Whiteley aliyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza katika miaka ya 1950. Hapa msomaji hudhani amefika penye uhakika, kwa kuwa msimulizi alikuwapo. Hata namna ya kusema inamshawishi: sentensi ni fupi, mapambo hayapo, bei na uzito wa pembe hutajwa kwa frasila. Ni nathari ya daftari la mfanyabiashara, na ni miongoni mwa nathari bora za Kiswahili cha wakati ule. Ni hasara kwamba vyuo vimewaachia wanahistoria, ambao huichimba kwa ajili ya tarehe na kuacha lugha ikimwagika.

Lakini mtu aliyekuwapo huchagua cha kuhesabu. Pembe zina hesabu. Waliozibeba, kwa kawaida, hupita bila majina. Tena upo mkasa wa Utetera. Tippu Tip anasimulia kwamba alipata habari za mabinti wa ukoo wa kifalme waliotekwa zamani na kupelekwa mbali. Alipofika kwa mfalme Kasongo Rushie, alidai kuwa bibi yake mzaa mama alikuwa mmoja wa mabinti hao. Mzee akafurahi, akamwachia utawala. Msimulizi haoni haya, wala hasemi wazi kwamba alibuni. Anapanga mambo mawili kwa utaratibu, aliyoyasikia na aliyoyasema, na kumwachia msomaji kazi ya kuyaunganisha. Katika kitabu cha ushuhuda, basi, hadithi ya kubuni ndiyo iliyoteka nchi.

Mkasa mwingine ni wa mwaka 1876, Tippu Tip alipokutana na Stanley. Stanley alimwambia kuwa anayo bunduki yenye mtutu mmoja itoayo risasi nyingi mfululizo. Tippu Tip, aliyeuza na kutumia bunduki maisha yake yote, hakusadiki. Alijibu kwa kejeli kwamba ng'ambo kule kuna upinde unaorusha mishale ishirini kwa mara moja, na kila mshale huua mtu. Stanley akatoka nje na kuipiga bunduki yake. Hapo, pasipo kujua, mwandishi wa tawasifu amegusa kiini cha riwaya ya kisayansi: chombo kisichosadikika kinaletwa na mgeni, kinajibiwa kwa mzaha, kisha kinalia. H. G. Wells alitumia jambo la namna hiyo katika The War of the Worlds, mwaka 1898, akiwaweka Waingereza mahali pa wale wanaopigwa. Tippu Tip alisimama katikati, mwenye kushangaa leo na mwenye kushangaza jana.

Riwaya ya tatu ni Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995. Mkangi, mtaalamu wa elimujamii aliyekuwa ametiwa kizuizini bila kushtakiwa mwaka 1986, hapa anamtia Dzombo aliyehukumiwa ndani ya chombo cha angani kiwe ndicho kifo chake. Dzombo anamudu kukiongoza na kufika nchi ambayo jina lake, likikatwa vizuri, lasema wale ni sisi. Msomaji akiuliza mwandishi amejuaje habari za nchi hiyo, jina limekwisha kumjibu: hakuna anayedanganywa. Kati ya vitabu vitatu, hiki ndicho pekee kinachotaja matakwa yake mlangoni.

Hata hivyo uaminifu huo una gharama. Sayansi ya chombo ni haba, kwani kazi yake ni kuvusha hoja tu, na baada ya kushuka, wenyeji wa Walenisi hufafanua mno utaratibu wao. Msomaji wa maktabani, ambaye hakusinzia hata kidogo katika safari za Tippu Tip, huanza kuruka kurasa. Anachokosa ni ile bunduki ya Stanley: kitu kimoja chenye uzito na mlio, ambacho wenyeji hawakukiamini hadi kilipopigwa nje ya nyumba.