Saa 9 ya Manchester, Saa 10 ya Rumonge

Tarehe 28 Septemba 2013, Saido Berahino, kijana wa miaka 20 aliyezaliwa Bujumbura, aliifungia West Bromwich Albion bao la ushindi pale Old Trafford. Ilikuwa dakika ya 67. Manchester United wakalala 2-1 nyumbani kwao. Mpira ulianza saa 9 alasiri ya Uingereza, saa 10 jioni ya Rumonge, nchini Burundi. Mwenye dekoda ya kulipia kandokando ya Ziwa Tanganyika aliweza kuliona bao likiingia. Mkazi wa Manchester aliyekosa tiketi alisubiri marudio ya BBC usiku.

Kisa ni hofu ya zamani. Katika miaka ya 1960 wakubwa wa klabu, Bob Lord wa Burnley akiwa mstari wa mbele, walishikilia kwamba mpira ukifika sebuleni, majukwaa yatabaki matupu. Mpaka leo, Jumamosi kati ya saa 8:45 mchana na 11:15 jioni, Uingereza hairushi mechi mubashara.

Ufundi wenyewe ulikuwapo mapema. BBC ilipeleka kamera Highbury tarehe 16 Septemba 1937, Arsenal wakicheza na kikosi chao cha akiba, na mwaka uliofuata ikarusha fainali ya Kombe la FA. ITV ilijaribu ligi mwaka 1960 kwa Blackpool na Bolton, lakini mpango ukavunjika upesi. Hata kipindi cha Match of the Day, kilipoanza Agosti 1964 kwa Liverpool kuichapa Arsenal 3-2, kilionyesha vipande tu, mechi ikiwa imekwisha. Ligi mubashara ilirudi Oktoba 1983.

Mwaka 1992 kituo cha Sky kilinunua haki za kurusha Ligi Kuu mpya na kubadili sura ya kioo. Matokeo na saa vikawekwa kwenye kona muda wote. Kabla ya hapo, aliyechelewa kufika alilazimika kumuuliza jirani ni ngapi ngapi.

Hatua iliyoigusa Rumonge ni ile ya kuuza picha nje. Kila mechi kati ya 380 za msimu hutengenezewa picha za kimataifa, na kituo kinachonunua huweka watangazaji wake. Ndiyo maana bao moja husikika kwa Kifaransa kwenye dekoda hii na kwa Kiingereza kwenye ile. Tena halifiki kwa wakati mmoja: kila mtambo hutumia sekunde zake kubana na kufungua picha, hivyo kibanda cha pili cha kuonyeshea mpira hushangilia wakati huku winga bado anakimbia na mpira. Mvua kubwa ikinyesha, mawimbi hudhoofika na picha huganda.

Saa za Uingereza zikirudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, mechi za saa 9 huhamia saa 11 jioni ya Rumonge na kwisha karibu saa 1 usiku, muda ambao wavuvi wa ndagala huwasha taa ziwani.

Mkataba ulioanza msimu wa 2025/26 umezipa Sky na TNT angalau mechi 267 ndani ya Uingereza. Zilizobaki, ambazo nyingi ni za saa 9 ya Jumamosi, zinaendelea kuuzwa nje tu. Kwa shabiki wa Rumonge, kikwazo ni ada ya mwezi na umeme; sheria ya Bob Lord haimhusu.