Sekunde 13 za Chris Froome

Tawasifu ya Chris Froome, The Climb, aliyoiandika pamoja na mwanahabari David Walsh, ilitoka mwaka 2014. Maudhui yake yanajulikana: mtoto aliyezaliwa Nairobi, akanolewa na David Kinjah huko Kikuyu, akaja kushinda Tour de France ya 2013. Mimi nimevutwa na fani, kwa sababu kumbukumbu rasmi imekipindua kitabu hiki baada ya kuchapishwa.

Kitabu kilipotoka, Vuelta ya 2011 kule Hispania ilikuwa mbio aliyoshika nafasi ya pili, sekunde 13 nyuma ya Juan José Cobo. Msuko unaegemea hapo. Mpambe wa Bradley Wiggins anagundua kwamba miguu yake inamzidi kiongozi wake, halafu taji linamponyoka. Mwaka uliofuata, kwenye Tour, anamwacha Wiggins mlimani, kisha anapunguza mwendo amsubiri. Taharuki ya 2013 imezaliwa na kunyimwa huko.

Julai 2019 Cobo alivuliwa taji kwa makosa ya dawa zilizokatazwa, akapewa Froome, ambaye wakati huo alikuwa akiuguza paja alilovunja mwezi Juni. Basi ushindi wake wa kwanza katika mbio za wiki tatu ulimfikia baada ya mingine yote sita: Tour nne, Vuelta ya 2017 na Giro ya 2018. Mwandishi wa riwaya angethubutu kupanga hivyo? Mhariri angemrudishia mswada.

Tadej Pogačar ni kinyume chake. Mwaka 2020, akiwa na miaka 21 na katika Tour yake ya kwanza, alimpokonya Primož Roglič jezi ya njano siku moja kabla ya mbio kwisha. Simulizi kama hiyo inastaajabisha, lakini haina sehemu ya kati.

Msomaji wa Igowole, anayejua kusukuma baiskeli yenye mzigo kwenye vilima vya Mufindi, ataithamini zaidi sehemu hiyo ya kati, miaka ya kumpandisha mwenzako kileleni. Jedwali la washindi haliihesabu, wala halina mstari wa Kinjah.

Likija toleo jipya, wachapishaji waongeze maelezo ya 2019 mwishoni. Sura ya 2011 wasiiguse.