Heshima ya Beki Mkongwe

Pale uwanja wa Lugogo, Kampala, kuna wazee wanaotazama mpira kinyume na watu wengine. Mpira ukiwa kwenye lango la wapinzani, vijana wamesimama, vuvuzela zinalia, shingo zote zimeelekea huko, wao macho yao yako nyuma, kwa beki. Wanataka kuona amesimama wapi, anamwambia nini mwenzake wa kulia, na kama amekwisha kumwona yule mshambuliaji anayejitia kufunga kamba za viatu karibu na duara la kati. Alasiri moja niliketi nyuma yao, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitazama mechi kama wao.

Nahodha wa timu ngeni alikuwa mtu mzima kwa hesabu za mpira. Nywele zilikuwa zimeanza kurudi nyuma, goti la kushoto limefungwa bandeji, na kitambaa cha unahodha kimelegea mkononi kwa kufuliwa mara nyingi. Alipangiwa kijana wa miaka ishirini hivi, mwepesi, mwenye viatu vya rangi ya chungwa, ambaye kila akigusa mpira uwanja mzima uliinuka. Kipindi cha pili kijana akaupata mpira mahali pa hatari: beki wa pembeni kapanda, kiungo kaanguka, na kati yake na kipa yupo nahodha peke yake.

Nahodha hakumkimbilia. Alirudi kinyumenyume hatua tatu nne, akageuza nyonga, akamwachia njia ya pembeni wazi kabisa, akatulia. Kijana alipoiona njia akaifuata, na nani angeiacha? Akakimbia mbio zake zote, na kila hatua ikamsogeza mbali kidogo na lango, mpaka alipoinua kichwa kutafuta pa kupiga akajikuta karibu na kibendera cha kona, mpira uko mguu wa kushoto asioutumia, na nahodha amesimama kati yake na kila alichokitaka. Akapiga tu ili mradi amepiga. Mpira ukatoka nje. Nahodha akainua mkono kumwonyesha kipa asiharakishe.

Vijana jukwaani waliguna, wakamlaumu mshambuliaji kwa kupoteza nafasi. Mbele yangu mzee mmoja akamgusa mwenzake begani.

"Umeona?"

"Nimeona, ssebo."

Hawakusema zaidi ya hapo. Lakini mechi ilipokwisha, timu yao wenyewe ikiwa imetoka sare nyumbani, wazee wale waliteremka hadi kwenye uzio wakamsubiri nahodha wa wageni apite, wakampigia makofi. Naye aliwainamia kidogo, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyowasalimu wakubwa wa nyumba.

Ufundi ule haupatikani kwa mazoezi ya msimu mmoja. Mwili wa beki hupunguza kasi kila mwaka, na mwenye akili huliziba pengo hilo kwa kujua mambo mapema. Akiwa na miaka ishirini alimfukuza mshambuliaji. Akiwa na ishirini na tano alimfikia. Akiwa na thelathini na tatu anamsubiri. Ameshakosea kila kosa linalowezekana, tena mbele ya watu, na kila bao alilosababisha amelihifadhi kichwani mwake. Ndiyo maana jezi ya beki mkongwe mara nyingi hutoka uwanjani safi kuliko ya beki kijana. Anayelala chini kila dakika kuokoa mpira, aghalabu anafidia mahali alipokosea kusimama.

Halafu kuna sauti. Katika mechi isiyo na watu wengi, na siku hizi ndizo nyingi, utamsikia nahodha wa namna hii dakika zote tisini. Kiganda kinachanganyika na Kiingereza na Kiswahili kidogo, maneno mafupi mafupi: panda, rudi, geuka, una muda, yuko mgongoni. Hamtukani mtu. Kijana wa kushoto akipitwa, humwita kwa jina na kumwonyesha kwa kidole pa kusimama safari nyingine, kisha hupiga makofi mawili yaishe. Kuna wakati nilifumba macho pale Lugogo nikaisikiliza mechi kupitia sauti ya beki mmoja, na niliweza kujua mpira uko wapi. Sauti hiyo ikipungua, kwa sababu mtu ameumia au ametolewa, utaona mabeki waliobaki wanaanza kuangaliana. Bao huwa haliko mbali.

Ukiketi na wazee wale, mazungumzo yaanzie popote, yatafika kwa Jimmy Kirunda.

Klabu yake, KCC, ilianzishwa mwaka 1963 na Samuel Wamala miongoni mwa wafanyakazi wa Halmashauri ya Jiji la Kampala waliokuwa idara ya majitaka. Watu waliozibua mabomba ya jiji mchana walicheza mpira jioni. Kufika miaka ya sabini, mikononi mwa Bidandi Ssali, timu hiyo ilikuwa imekwisha kuwa fahari ya mji: ubingwa wa ligi mwaka 1976, tena mwaka 1977, na mwaka 1978 Kombe la Klabu Bingwa la Afrika Mashariki na Kati, walilolitwaa kwa kuishinda Simba ya Dar es Salaam hapa hapa Kampala kwa mikwaju ya penalti. Tom Lwanga alikuwa katika ukuta wa mabeki. Phillip Omondi alikuwa mbele. Na Kirunda, beki, alimaliza ligi ya mwaka 1978 akiwa mfungaji bora kwa mabao 32, idadi ambayo haikupitwa mpaka Andrew Mukasa wa klabu ya Villa alipofunga 45 mwaka 1999.

Mtu mwingine angekumbukwa kwa mabao hayo tu. Wazee wa Lugogo huyataja, kisha huyaweka kando, maana wana jambo jingine wanalotaka kulisema. Mwezi Machi mwaka huo huo Kirunda aliiongoza Uganda nchini Ghana kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika akiwa nahodha. Cranes, kama timu hiyo ya taifa inavyoitwa, wakaifunga Morocco, mabingwa watetezi, mabao 3–0. Nusu fainali wakaitoa Nigeria 2–1. Fainali, mbele ya umati wa Accra, Opoku Afriyie aliwafunga mara mbili na kombe likabaki kwa wenyeji. Nyumbani nchi ilikuwa chini ya Idi Amin, watu wanapotea usiku, duka halina sukari. Fikiria uzito wa kitambaa cha unahodha katika hali hiyo: kuwatuliza vijana kumi mbele ya uwanja wa ugenini, huku kila mmoja wao ana nduguye nyumbani anayemhofia. Mwaka mmoja baadaye serikali ile ilianguka, na Cranes hawakurudi tena kwenye mashindano hayo hadi mwaka 2017.

Mpira wa wakati huo ulimpa beki wa mwisho nafasi ambayo leo haipo. Alisimama nyuma ya wenzake wote akifagia kilichowapita, na mambo yakimzidi alimrudishia kipa, naye kipa akaudaka, uwanja ukapumua. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa: pasi ya mguu kutoka kwa mwenzake, kipa haruhusiwi kuidaka. Siku hizi mabeki hupangwa mstari mmoja, wanasogea mbele, wanacheza na kibendera cha mshika laini. Sisemi mpira umeharibika kwa hilo. Nasema tu kwamba ile hekima ya mtu mmoja aliyeuona uwanja wote ulio mbele yake iligawanywa kwa watu wanne, na nyingine ikamwagika njiani.

Kirunda alifariki tarehe 25 Mei 2020. Uganda ilikuwa imefungwa kwa ajili ya korona. Mikusanyiko ilipigwa marufuku na mazishini waliruhusiwa watu wachache tu. Mtu ambaye mji mzima ungemsindikiza hakupata kusindikizwa na mji. Mashabiki waliomwimba miaka arobaini nyuma walibaki majumbani wakiisikiliza habari redioni. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo, ugonjwa ulikuwa ugonjwa. Lakini korona ilipopita na milango ikafunguliwa, nilitegemea kwamba deni lile tungelilipa kwa namna ambayo kila mtoto anayeingia uwanjani angeiona. Uwanja wa Lugogo una jina la Omondi, na ni haki yake kabisa. Mimi natamani pawe na jukwaa lenye jina la beki.

Hata Nakivubo, uwanja uliowalea wote hao, haupo tena kama tulivyoujua. Ardhi yake ilitolewa na Kabaka Daudi Chwa wa Buganda mwaka 1926. Palikuwa katikati ya mji kabisa, soko la Owino upande mmoja, mfereji wa Nakivubo upande mwingine, na mchuuzi aliweza kufunga kibanda chake saa tisa akaingia uwanjani kabla mpira haujaanza. Hapo ndipo Villa ilipotamba, hapo ndipo Paul Hasule alipoisimamia ngome yao akiwa nahodha, katika miaka ambayo klabu hiyo ilifika fainali ya mabingwa wa Afrika mwaka 1991 na fainali ya Kombe la CAF mwaka 1992. Hasule alituacha mwaka 2005, mapema mno. Uwanja ukabomolewa. Umejengwa upya, una nyasi bandia na maduka kuuzunguka, na jina jipya. Wazee niliowazoea hawaendi huko.

Baada ya Hasule alikuja Ibrahim Sekagya, aliyepita KCC, akaenda Argentina, akacheza Salzburg kuanzia 2007 hadi 2013, na kila alipoitwa na Cranes alirudi kuvaa kitambaa. Ustahimilivu wake wote haukumpatia zawadi ya kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika hata mara moja. Alipostaafu timu ya taifa mwaka 2013, shukrani zilizokuwapo zilikuwa za wale waliojua kutazama nyuma.

Leo vibanda vya video vya Kampala, kuanzia Kisenyi hadi Kalerwe, hujaa Jumamosi jioni. Watu hulipa wamtazame beki wa London, wanajua aliumia kifundo gani na lini, na hawamjui nahodha wa klabu iliyo umbali wa safari moja ya bodaboda. Wengine hata dakika tisini hawana. Wanaridhika na dakika mbili za mabao kwenye simu. Na katika dakika mbili hizo beki hutokea mara moja tu, akiwa amepitwa. Hatua tatu za kurudi nyuma, nyonga iliyogeuzwa, mkono ulioinuliwa, hayo hakuna anayeyakata na kuyatuma. Kizazi kinakua kikidhani kazi ya beki ni kuaibishwa.

Vijana wenyewe siwalaumu kwa kuondoka. Mshahara wa ligi yetu wanaujua wao, na beki Juuko Murushid alipokwenda Simba mwaka 2014 alifanya ambalo mwanaume mwenye familia angelifanya. Kinachoniuma ni jinsi tunavyowatendea wanaobaki. Nimewasikia wachezaji wa zamani wakisimulia namna mtu anavyoitumikia klabu moja ujana wake wote, anafundisha mabeki watatu wanaouzwa mmoja baada ya mwingine, kisha msimu mpya ukikaribia anasikia redioni kwamba jina lake halimo. Hakuna mechi ya kumuaga, hakuna jezi iliyotiwa fremu, hakuna kijana aliyeambiwa akakae naye ajifunze. Mali aliyoikusanya kichwani kwa miaka kumi na mitano anaondoka nayo kwenda kuuza vipuri au kulima, na klabu inaanza kumtafuta beki mwingine wa miaka kumi na tisa ambaye atakosea makosa yale yale upya, kwa gharama ya mabao yale yale.

Tangu 1978 hakuna nahodha mwingine aliyeifikisha Uganda fainali ya Afrika. Wapo wanaosema tatizo letu ni washambuliaji.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayekaa mji huu: wikiendi moja acha kibanda, nenda Lugogo, au nenda Wankulukuku kwa klabu ya Express. Kaa karibu na wazee. Mpira ukivuka nusu ya uwanja usiufuate. Baki na yule mwenye kitambaa, uone anachokifanya wakati hakuna anayemtazama. Na mechi ikiisha, kabla hajaingia vyumbani, teremka hadi kwenye uzio umpigie makofi, hata kama timu yake si yako.