Tanzia ya Kungoja: I due Foscari Isomwapo Kutoka Lodwar na Kakuma

Opera ya Giuseppe Verdi iitwayo I due Foscari, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika Teatro Argentina mjini Roma tarehe 3 Novemba 1844, ni miongoni mwa kazi ambazo wahakiki huzitaja kwa haraka wakiwa njiani kuelekea Rigoletto. Lawama inayorudiwa ni kwamba haina matendo. Verdi mwenyewe, katika barua ya mwaka 1848 kwa Francesco Maria Piave, aliyeyaandika maneno ya opera hiyo, alikiri kuwa rangi yake ni moja mno tangu mwanzo hadi mwisho. Makala haya yanashikilia kwamba hukumu hiyo, hata ikiwa ni ya mtunzi, inaipima kazi kwa kipimo kisicho chake.

Msuko umetokana na tamthilia ya Byron ya mwaka 1821. Jacopo Foscari, mwana wa Doge, yaani mtawala mkuu wa Jamhuri ya Venice, amerudishwa kutoka uhamishoni Krete ili ahukumiwe tena. Baraza la Watu Kumi linamrejesha kuko huko. Baba hana budi kuiidhinisha hukumu ya mwanawe. Lucrezia, mke wa Jacopo, anaomba afuatane na mumewe pamoja na watoto, naye ananyimwa. Jacopo anakufa merini wakati wa kuondoka. Ungamo la muuaji wa kweli linafika akiwa amekwisha kwenda. Ndipo Doge anavuliwa madaraka, naye anaanguka na kufa kengele zikimtangaza mrithi wake. Kwa kweli, pazia lifunguliwapo, kila kitu kimekwisha amuliwa. Kilichobaki ni kungoja.

Historia ya maonyesho yake nayo inafundisha. Venice iliikataa mwanzoni, kwa kuchelea kuziudhi koo za Loredano na Barbarigo ambazo vizazi vyake vilikuwa bado hai. Ilionyeshwa Vienna mwaka 1845, Paris 1846, London na Boston 1847, kisha ikafifia. Ilipofufuliwa katika karne ya 20 na ya 21, mara nyingi ilifufuliwa kwa ajili ya baba: Los Angeles mwaka 2012 na London mwaka 2014, Plácido Domingo, aliyekuwa tena mwimbaji wa sauti nzito, ndiye aliyeimba sehemu ya Doge. Mzee aliaye juu ya kiti cha enzi ni zawadi kwa mwimbaji mkongwe. Mwana amesahauliwa, na pamoja naye uhamisho, ambao ndio dhamira kuu.

Kwa msomaji aliyeko Turkana dhamira hiyo haihitaji kufasiriwa. Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria mwaka 1953 na kufungwa Lokitaung. Kifungo kilipokwisha mwezi wa Aprili 1959 hakurudishwa kwao. Alipelekwa Lodwar na kuwekwa chini ya kizuizi hadi alipohamishiwa Maralal mwaka 1961. Adhabu ya pili ilianza pale ya kwanza ilipokoma. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeelewa, kama Baraza la Watu Kumi, kwamba umbali wenyewe ni silaha. Tofauti moja haina budi kutajwa: Mama Ngina aliruhusiwa kuishi na mumewe Lodwar. Venice ya Piave ni katili kuliko wakoloni katika jambo hilo.

Yapata kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lodwar iko Kakuma, kambi iliyoanzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliotoka Sudan. Pamoja na makazi ya Kalobeyei, sasa ina watu zaidi ya 200,000. Kwa miaka mingi mkimbizi alihitaji kibali ili atoke nje ya eneo hilo. Hapa kungoja si pengo baina ya matendo mawili. Ni maisha yenyewe, yenye asubuhi na jioni zake. Mhakiki asemaye kwamba katika I due Foscari hakuna linalotendeka anasema kweli, ila ameliita kosa jambo ambalo ni umbo.

Ushahidi umo katika muziki. Verdi amempa kila mhusika mkuu kidokezo chake cha sauti: klarineti ya huzuni kwa Jacopo, nyuzi zikimbiazo kwa Lucrezia. Wahakiki wamelalamika kwamba vidokezo hivyo hurudi bila kukua. Lakini Jacopo akue vipi? Kwa Baraza yeye ni jina lililoandikwa mara moja katika faili. Aendeshaye mwendo ni Lucrezia peke yake. Nyuzi zake zinaingia kwa kishindo, na mlango haufunguki.

Ulinganisho na Fumo Liyongo unalitia nguvu jambo hili. Katika utendi huo Liyongo yumo kifungoni, na kelele za ngoma nje zinaficha sauti ya tupa ikatayo minyororo. Muziki wa watu humkomboa. Jacopo naye, gerezani, anasikia wimbo wa wapiga makasia ukitoka kwenye maji tulivu ya Venice, na wimbo huo haumhusu. Jumuiya inaendelea na sherehe. Huenda hapo ndipo opera hii ilipo kali kuliko utendi, kwani inamnyima mfungwa hata wenzake wa kumfichia sauti.

Ila ina kasoro ya kweli, nayo si ile ya rangi moja. Mwishoni Loredano anaandika katika kitabu chake kwamba deni la kisasi limelipwa. Kwa kufanya hivyo Piave anaishusha sheria ya dola ikawa ugomvi wa koo mbili. Mtazamaji anaondoka na adui mmoja wa kumchukia, hali Baraza lililotia sahihi linabaki safi. Aidha, Jacopo ana mji mmoja wa kuulilia, wenye jina na maji yake. Mtoto aliyezaliwa Kakuma hana Venice, na klarineti ya Verdi haina noti kwa ajili yake.