Kamba, Zafarani na Ubani: Uganga wa Bahari Mbele ya Kalamu

Kiswahili kina neno uchawi na kina neno uganga, na wazee wa pwani huyatenga maneno hayo kama watengavyo maji ya bahari na maji ya kisima. Mchawi huroga, mganga huagua, huzindika, hufunga na hufungua. Fasihi yetu andishi, hata hivyo, imekuwa nzito kuushika mpaka huo. Inapotaka kutisha hutaja uchawi. Inapotaka kuchekesha humleta mganga mwenye kibuyu na mkia wa ng'ombe. Na baina ya hayo mawili imekiacha kile kilichojaa majumbani na madauni, yaani uganga mdogo wa kila siku, ufanywao kwa uzi, wino, ubani na kipande cha kitambaa, na watu ambao hawajiiti waganga kamwe.

Lawama si ya waandishi wetu peke yao. Mwingereza Evelyn Waugh alipita visiwani humu na katika kitabu chake Remote People (1931) akaitaja Pemba kuwa ni kitovu cha elimu ya uchawi, na sifa hiyo imekuwa ikinakiliwa na wageni hadi leo, kitabu kwa kitabu. Mwaka 1995 khofu ya Popobawa ilipoanza Pemba na kuvuka hadi Unguja, watu wakalala nje mbele ya moto usiku kucha, magazeti ya mbali yalipata tena walichokuwa wakikitaka. Uchawi wenye kelele hupata waandishi kwa urahisi. Mwanamke aliyefunga hirizi ya mwanawe katika pindo la kanga kabla mtoto hajaingia chomboni hakuandikwa na mtu.

Tuanze na riwaya ambayo kila msomaji wa Visiwani ameipitia. Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla ni kazi ya fahari, na hapana haja ya kuipunguzia heshima yake: ilifungua mlango wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili na ikatupa Bwana Msa, mtu wa kiko na wa hoja, ambaye haogopi miti mikubwa wala usiku. Lakini mzimu wenyewe una kazi gani humo? Ni mahali pa kukutwa maiti. Watu wanauogopa, maiti anakutwa, Bwana Msa anafika na akili yake, na mwishowe tunajua kwamba aliyeua ni binadamu kwa sababu za kibinadamu. Sawa kabisa. Ila baada ya hapo mzimu umekwisha. Hauna tena la kusema. Riwaya imeuliza swali moja tu, "Je, mzimu unaua?", na ilipopata jibu kwamba hauui, ikauacha kama mtu aachavyo nyumba aliyoikagua akaikuta haina mwizi.

Swali hilo ni la mtu anayetazama kutoka nje. Mwenye kupeleka chano mzimuni, akawasha ubani katika chetezo, akafunga kitambaa chekundu au cheupe kwenye tawi na kuacha yai na sarafu chini ya mbuyu, hakwenda kuuliza kama mzimu unaua. Alikwenda kupanga vitu. Amechagua rangi, amechagua siku, amejua kipi kitangulie na kipi kifuate, na maneno yake aliyapima. Kazi ya namna hiyo, mtu akiifanya kwa silabi, sisi tunaiita utunzi. Hapa ndipo uhakiki wetu ulipochelewa: umekuwa ukiuliza kama uganga ni kweli au ni uongo, nao ungeweza kuuliza umetengenezwa vipi.

Chukua kombe. Mwalimu hukaa na sahani nyeupe, huandika aya kwa wino wa zafarani, hati ikajaa ukingo hadi ukingo. Kisha maandishi yakaoshwa, aghalabu kwa marashi ya mawaridi, na mgonjwa akayanywa. Hakuna fani nyingine katika pwani yetu inayolipeleka neno lililoandikwa mbali kiasi hicho. Mshairi huandika ili asomwe, mwenye chapa huchapa ili beti zidumu. Mwandishi wa kombe huandika kwa uangalifu uleule, naye anajua kwamba hati yake haitamaliza saa moja. Na hati mbaya haikubaliki, ingawa hapana jicho litakaloisoma! Mtu anayetaka kujadili nini maana ya kuandika kwa Waswahili angeanza na sahani hiyo kabla ya kukimbilia nadharia zilizosafiri kwa ndege. Lakini kombe likionekana katika hadithi zetu, huja kama dalili ya ujinga wa wazazi, mgonjwa akishindwa kupona ndipo apelekwe hospitali. Mara ngapi tumeisoma hadithi hiyo?

Uganga wa baharini una mambo yaleyale, ila humo vitu ni vikubwa zaidi. Mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba ya makumbi bila ya misumari, tanga lake la miyaa, ulibeba omoni mwake macho yaliyochorwa na kichwa ambacho mapokeo yasema ni cha ngamia wa Mtume. Mitepe ilitoweka katika bahari yetu yapata miaka ya 1930. Mwaka 2003 mafundi waliujenga tena mmoja ndani ya Beit-al-Ajaib, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jumba hilo ikaporomoka. Wanaoutazama mtepe hupenda kuuliza: macho yale ni pambo, au ni dini, au ni uganga? Swali hili nalo linakata mahali pasipo na kiungo. Fundi aliyeshona ubao kwa ubao na aliyechora jicho walikuwa wakifanya jambo moja, nalo ni kukifanya chombo kiweze kwenda na kurudi. Kamba inazuia maji. Jicho linaangalia njia. Atakayeiita ya kwanza ufundi na la pili ushirikina itampasa aeleze kwa nini mikono ilikuwa ileile.

Na kamba yenyewe inafaa kutazamwa. Makumbi ya nazi hufukiwa pwani, yakagandamizwa kwa mawe, maji yakajaa na kutoka juu yake kwa miezi, hata nyama ya kumbi ikaoza na nyuzi zikabaki. Wanawake huyafukua maji yakitoka, huyaponda kwa magongo, hupata usumba, huusokota. Ni kazi chafu, inanuka, malipo yake ni kidogo. Hakuna aliyewahi kuiita sanaa. Lakini hapo bahari inatumiwa kama fundi mwenza, aliyepewa kazi yake na kusubiriwa. Anayejua kusubiri hivyo hashangai kuambiwa kwamba bahari hutolewa sadaka. Ni adabu ya kawaida kwa mtu uliyemtuma kazi.

Mwandishi aliyelijua hili kutoka ndani alikuwa Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyezaliwa 1933 na kufariki 2021, mvuvi na baharia kabla watu hawajamwita mshairi. Shairi lililoipa jina diwani yake Kimbunga (1994) limesomwa mara nyingi kuwa ni fumbo: upepo unaoangusha yenye nguvu na kuyasalimisha yaliyo dhaifu, na wahakiki wakashindana kulifumbua, huyu kwa siasa, yule kwa maadili. Hawakukosea. Lakini wamekwenda mbio. Kabla ya kuwa fumbo, ule ni upepo, na aliyeutunga alikuwa mtu aliyeishi kwa kuujua kusi na kaskazi, aliyejua kwamba baharini nguvu haina mwenyewe. Ajabu katika shairi lile haielezwi wala haiombewi radhi. Imewekwa tu, kitu baada ya kitu, kama vitu vinavyopangwa chanoni. Ndiyo sababu linashika. Na si bahati kwamba mtu huyohuyo alikaa akakusanya maneno ya kwao na kuyatia katika Kamusi la Kitumbatu (2006): aliyezoea kazi ambayo jina lisilo sahihi linaiharibu hawezi kuyaachia majina yapotee.

Siku hizi uganga mdogo umebanwa na wasomaji wawili wabaya. Wa kwanza ni mhubiri anayeliona kila fundo la uzi kuwa shirki. Huyu angalau anaamini kwamba fundo lina maana, na mjadala wake na wazee ni wa kale na wa haki, nao utaendelea. Wa pili ni muuzaji, ambaye amekitoa kitambaa chekundu mtini na kukitundika katika ukumbi wa hoteli. Wa pili ndiye mwenye madhara zaidi, kwani kwake fundo halina maana yoyote, jema wala ovu. Kazi ndogo za mikono zinapita katikati ya wawili hao kwa taabu. Wanawake wa pwani ya mashariki, ambako kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989, sasa huusaga mwani, wakauchanganya na mafuta ya nazi na karafuu, wakafanya sabuni ya kuuzia wageni. Karatasi za kufungia husifu ngozi laini. Bamvua na maji mafu, ambayo ndiyo yaliyoamua siku ya kwenda shambani na siku ya kukaa nyumbani, hayakuandikwa popote juu ya kipande hicho, na hapana mshairi aliyejitolea kuyaandika.

Kila Julai Makunduchi huadhimishwa Mwaka Kogwa. Picha zinazosambaa ni za kibanda cha makuti kinachoungua na za wanaume wanaopigana kwa magogo ya migomba; maelezo yaandikwayo chini yake hueleza moto na ugomvi, pengine na nyimbo za wanawake. Lakini kogwa ni kuoga. Siku imepewa jina la maji, na makala kumi kuhusu sherehe hiyo zinaweza kusomwa mfululizo bila ya msomaji kuambiwa kwamba watu walikwenda pwani.