Sifa ya Anayefundisha Kusimama

Huku Ikoma, wilayani Serengeti, barafu tunaijua ya kwenye friji la dukani. Lakini ukivuka mpaka ukafika Nairobi, katika hoteli ya Panari kando ya Barabara ya Mombasa, utafika mahali ulipofunguliwa uwanja wa barafu mwaka 2005. Kwenye uwanja huo ndipo ilipokulia Kenya Ice Lions, timu ya hoki ya barafuni. Watazamaji wa mchezo huu husifu mbio, chenga na mabao. Mimi namsifu mwalimu anayefundisha jambo lisilopigiwa makofi, nalo ni kusimama.

Chini ya kila kiatu cha hoki kuna bapa la chuma lenye unene wa milimita 3 hivi. Bapa hilo lina makali mawili, ya ndani na ya nje, na katikati yake mashine ya kunolea huacha mfereji mwembamba. Ukiuweka mguu wima, makali yote mawili yanagusa barafu nawe unateleza. Ukiulaza kidogo, unabaki juu ya makali ya upande mmoja. Kusimama kote kumo katika kulaza huko. Ukizamisha makali kwa ghafla, chuma kinang'ata barafu, miguu inakwama na kiwiliwili kinaendelea na safari. Ukiwa mwoga wa kukandamiza, utateleza hadi ukutani.

Kwa vijana wa Nairobi kazi ina ugumu wake wa pekee, maana wengi wao walianza na viatu vya magurudumu kwenye lami na saruji. Huko mtu husimama kwa kuburuta mguu wa nyuma au kukanyagia breki ya mpira iliyo kisiginoni. Barafuni hakuna breki ya kisigino, na mguu umeshajizoeza. Mwalimu ana kazi mbili: kuondoa mazoea ya jana bila kumvunja mwanafunzi moyo, kisha kupanda mapya.

Mwalimu mzuri huanzia ukutani. Mwanafunzi hushika ukuta kwa mikono miwili, hukunja magoti, kisha husukuma mguu mmoja kando, polepole, makali ya ndani yakikwangua barafu. Mara ya kwanza chuma hugoma. Akirudia, unga mweupe huanza kutoka na kujikusanya kando ya kiatu. Unga huo ndio mtihani wenyewe: ukitoka, makali yamekwangua bila kung'ata. Hapo mwalimu hana haja ya kueleza mengi. Nyayo za mwanafunzi zimeshaelewa.

Kisha huja kusimama kwa vidole vya miguu kutazamana na visigino kutanuka, magoti yakibonyea. Baada ya hapo ndipo hufika kusimama kwenyewe kwa mchezaji wa hoki: mwili hujinyanyua kidogo kupunguza uzito, miguu yote miwili hugeuka kukata njia, magoti hukunjwa tena na uzito wote hushuka, huku kifua na macho yakibaki yanatazama mchezo. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, lakini hapa mwenda pole ndiye anayejikwaa, kwa kuwa miguu haigeuki vizuri bila mwendo wa kutosha. Mwalimu hana budi kumshawishi mtu anayeogopa kuanguka aongeze kasi. Anayeweza kupata imani ya namna hiyo kwa mwanafunzi wake si kocha tu, ni mlezi.

Tena kila mtu ana upande wake. Mwingine husimama vizuri akigeukia kushoto, na kulia hapataki kabisa. Mwalimu mvivu huachia hapo. Mwalimu hodari hudai upande dhaifu urudiwe hadi ulingane na mwenzake, kwani mchezo haumuulizi mchezaji anapendelea wapi.

Kiwanja cha kimataifa kina urefu wa mita 60. Cha Nairobi hakifikii hapo, na ukuta uko karibu sikuzote. Asiyejua kusimama humwumiza mwenzake au hujiumiza mwenyewe. Huku kwetu mkoani Mara, ng'ombe wa plau asiyesikia amri ya kusimama hakabidhiwi shamba, hata awe na nguvu za namna gani.

Mwaka 2018 kampuni ya Tim Hortons iliwapeleka wachezaji wa Ice Lions Kanada, wakacheza pamoja na nyota wa hoki Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni. Mafanikio hayo yana watu wengi wa kushukuriwa, na miongoni mwao ni waliokaa ukutani pamoja na wanaoanza, wakisubiri ule unga mweupe utoke.

Kwa hiyo nawaomba makocha wa Afrika Mashariki, wa barafuni na wa magurudumu: msiufanye ufundi huu kuwa kiporo cha mwisho wa mazoezi. Mpeni kijana kusimama kwanza, pande zote mbili. Mbio atazitafuta mwenyewe.