Betri Moja, Balbu Moja, Waya Mmoja

Wape watoto wanne wa darasa la tano betri ya tochi, balbu ndogo na kipande cha waya kilichomenywa ncha zote mbili, kisha waambie neno moja tu: washeni. Usichore chochote ubaoni.

Mwanzoni ni kubahatisha. Waya unagusishwa kichwa cha betri, balbu inawekwa kwenye ncha ya pili, haiwaki. Mmoja anadai betri imekufa. Mwingine anaunganisha waya kutoka kichwa hadi kitako cha betri, unamchoma vidole, anauachia. Kisha linajitokeza tatizo ambalo ndilo utamu wa zoezi lenyewe: betri inataka kushikwa, balbu inataka kukandamizwa, waya una ncha mbili na kila moja inateleza. Mikono ya mtoto mmoja inaelemewa. Ndipo yule aliyekuwa akinyang'anya vifaa anaambiwa, "Wewe shika hapa chini, usiachie," na kazi inakuwa ya kikundi bila mtu kuhubiri ushirikiano.

Siri imo kwenye balbu. Ina sehemu mbili za kupitishia umeme: kitone cha risasi kilicho chini kabisa, na mkanda wa chuma unaoizunguka shingo. Zote mbili zisipounganishwa na betri, umeme hauna njia ya kwenda na kurudi. Hapa hukwama hata waliosoma sana. Filamu ya Marekani ya mwaka 1997, Minds of Our Own, iliwaonyesha wahitimu wa chuo cha MIT wakipewa vifaa hivi hivi siku ya mahafali yao. Walikuwa na uhakika wataweza. Baadhi yao walishindwa.

Zoezi hili lilipata umaarufu Marekani miaka ya 1960, kupitia mradi wa Elementary Science Study. Moyo wake ulifika pia Afrika katika muongo huohuo, kwa mpango wa African Primary Science Program. Eleanor Duckworth, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Jean Piaget, aliutathmini mpango huo nchini Kenya kwa njia ya kupendeza: badala ya kutegemea mtihani wa maandishi, aliwawekea watoto vifaa mbele yao, akatazama watafanya nini navyo. Waliopitia mpango huo walibuni mambo mengi zaidi, na waliyafuatilia kwa kina zaidi kuliko wenzao.

Morogoro nako alikuwapo mkufunzi wa walimu, Mholanzi Jos Elstgeest, aliyeandika baadaye kuhusu ufundi wa kuuliza. Swali la "kwa nini" likija mapema, alionya, mtoto hulisikia kama mtihani na hunyamaza. "Itakuwaje mkiigeuza betri?" halimtishi mtu, kwa sababu jibu linatoka kwenye betri yenyewe.

Huo ndio ufundi unaostahili sifa. Mwalimu mwenye watoto 60 anahitaji seti 15, na kila betri lazima aijaribu mapema, maana betri mbovu huwakatisha tamaa watoto waliounganisha sawasawa. Akishaingia darasani, kazi ngumu ni kuuzuia ulimi wake huku akiona kikundi kimebakiza kidogo tu. Katika shule nyingi za msingi za umma za Tanzania, ambako sayansi hufundishwa kwa Kiswahili, ana bahati moja kubwa: watoto wanabishana kwa lugha ileile wanayogombania nayo mpira uwanjani, kwa hiyo hoja hazikosi maneno.

Siku hizi tochi nyingi zina taa za LED, na balbu za zamani si rahisi kupatikana. Mwalimu hodari halalamiki. Taa nyeupe ya LED haiwaki kwa betri moja ya volti 1.5; inataka mbili zilizofuatana, kichwa kwa kitako, na huwaka kwa upande mmoja tu. Kwa hiyo changamoto imeongezeka ladha. Kikundi cha dirishani kitagundua kwamba mguu mrefu wa taa ndio unaotaka upande wa chanya. Kikundi cha mlangoni kitakataa kuamini mpaka kijaribu chenyewe, na mwalimu atakiacha kijaribu.